Muulize Mjuzi: Mkanda Umeishiwa Matundu

*Mheshimiwa Mjuzi, umri wangu ni miaka 47. Chakula changu ndicho kile kile nilichokuwa nikila nilipokuwa na miaka 25, lakini mkanda umeishiwa matundu nami sasa nautoboa kwa msumari. Wenzangu wananiambia mtu akipita arubaini moto wa mwilini hupoa. Nifanyeje? — Mkanda Umekataa, Ruangwa.*

Mwanangu Mkanda Umekataa,

Ama baada ya salamu, barua yako ilinifikia nikiwa nimeketi barazani kwangu hapa Nachingwea, chini ya mwembe ambao kivuli chake, kama nilivyokwisha kueleza katika safu hii mara nyingi kuliko mhariri alivyopenda, kimetoa hikima zaidi ya vyuo viwili. Nami nikaisoma mara tatu, mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili kwa kusahihisha tahajia yako, na mara ya tatu kwa sauti, ili majirani wapate kuisikia sauti yangu, ambayo wenyewe wanakiri kwamba haijapungua utamu tangu nilipostaafu ualimu.

Yakupasa kwanza ujue ni nani anayekujibu. Katika ujana wangu nilikuwa na kiuno ambacho fundi cherehani alikataa kukipima, akidai kwamba futi yake haikuanzia padogo kiasi kile. Na siku moja nilikimbia kutoka Ruangwa hadi hapa nikiwa nimembeba jogoo kwapani, na tulipofika, aliyeomba maji alikuwa jogoo. Nayasema haya si kwa kujisifu, hasha, bali kwa kuwa nikinyamaza nani atayasema?

Tena wewe unailalamikia shahamu kana kwamba ni mgeni asiyealikwa, ilhali mji huu ninaokuandikia ulipata kukua kwa ajili ya kuitafuta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walipokuwa wakigawiwa siagi na mafuta ya kupikia kwa kadi, serikali yao ilianzisha mwaka 1947 ule Mpango wa Karanga, kule Kongwa, kule Urambo, na hapa hapa kwetu. Yakaletwa matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, ikatandikwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea, na Mtwara ikajengewa bandari, yote hayo ili Mwingereza apate kupaka mafuta katika mkate wake. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962, vyuma vyake vikang'olewa. Marehemu baba yangu, aliyekuwa akiwachemshia chai wahandisi, alijaribu kuwaambia kwamba nchi huulizwa wenyeji wake kabla ya kulimwa, nao wakamwomba aongeze sukari. Basi tazama ajabu ya Mungu: dola nzima, yenye vifaru na reli, ilikuja huku kutafuta mafuta ikayakosa, nawe umekaa Ruangwa, huna hata trekta moja, umeyapata kwa wingi, na unataka kuyatupa!

Sasa nije kwenye huo moto unaodaiwa kupoa. Mwaka 2021 jopo kubwa la wataalamu, akiwamo Mmarekani Herman Pontzer, lilichapisha katika jarida la Science hesabu za watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wa kuanzia umri wa siku 8 hadi miaka 95, na wakakuta kwamba mtoto wa mwaka mmoja, kwa kadiri ya ukubwa wa mwili wake, huunguza nishati kwa takriban asilimia 50 zaidi ya mtu mzima (ndiyo maana mjukuu wangu humaliza uji wake kisha akaitazama sahani yangu kwa jicho la mkusanya kodi), kwamba baada ya hapo moto huo hushuka pole pole hadi kwenye miaka ishirini, na kwamba kuanzia miaka 20 hadi 60 hukaa pale pale. Wewe una miaka 47. Moto wako, kwa hiyo, ni mzima, na wanaokuambia umepoa wanakuliwaza tu. Jambo hili mimi nililisema chini ya mwembe miaka mingi kabla ya hao wataalamu, isipokuwa siku ile hapakuwa na wa kuliandika, na mtu pekee aliyekuwapo alikuwa amelala.

Huyo Pontzer, nimtendee haki, alikuwa amekwisha kufika nchini kwetu kabla ya hapo, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, akapima nishati wanayoitumia watu wanaokula mizizi, asali na nyama ya porini, ambao wanaume wao hutembea yapata kilomita 11 kwa siku. Na matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2012, yaliwatia watu bumbuazi, kwa kuwa Mhadzabe, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, alionekana kuunguza kwa siku kiasi kile kile anachounguza karani wa Marekani aliyeketi kitini. Mwili, mwanangu, ni mhasibu mjanja: ukiongeza matumizi hapa, hupunguza pale. Kutembea kutaupa uhai moyo wako, kutakutengenezea usingizi na kukupunguzia sukari ya damu, na mimi nakuamuru utembee. Lakini mizani itashuka zaidi kwa kile usichokitia mdomoni.

Hapo utaniambia kwamba unakula kama zamani, nami nakukatalia kwa staha zote. Msimu uliopita nilikwenda uwanjani hapo kwenu kuitazama Namungo, na mbele yangu aliketi bwana mmoja wa umri wako, mwenye mkanda kama huo unaousimulia, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa ukisafiri kutoka mfukoni hadi mdomoni bila macho yake kupewa taarifa: korosho moja, korosho mbili, ganda jembamba likipeperushwa kwa pumzi, kisha mkono ukarudi mfukoni kama mtu aliyesahau kitu. Gramu 100 za korosho zina kalori zipatazo 550, ambazo ni zaidi ya sahani ya kawaida ya wali mtupu. Na yule bwana, kwa dakika 90, alikula wali wa watu wawili huku wanaume 22 wakikimbia kwa niaba yake. Angeulizwa nyumbani amekula nini mchana, angeapa kwamba hakula kitu.

Wewe ni mtu wa nchi ya korosho, basi nitakufahamisha kwa lugha ya korosho. Chakula cha mezani, kilichopakuliwa na kuonekana na watu, ndicho kinachopitia stakabadhi ghalani: kimepimwa, kimeandikwa, na mwenye mali anajua ana kilo ngapi. Lakini kile kiporo ulichokionja sufuriani, ile kashata ya ufuta uliyopewa na mwenye duka ili ungoje chenji, ile chupa ya uraka uliyoinywa kwa jirani ukisema ni maji tu ya mabibo, hiyo yote ni kangomba, mwanangu! Ni biashara ya gizani isiyoingia daftarini, ila ghala huipokea vile vile. Ongeza na bodaboda, inayokuchukua kutoka mlangoni hadi sokoni, mahali ambapo ulipokuwa na miaka 25 ulifika kwa miguu ukiwa na gunia kichwani. Ongeza na misuli, ambayo baada ya miaka thelathini hupungua kidogo kidogo kwa mtu asiyeitumia. Kisha uniambie kama ni moto uliopoa au ni kuni zilizozidi.

Ama dawa, ninazo tatu, na zote nimezibuni mwenyewe. Ya kwanza, ifuate kwa miguu njia ya ile reli iliyong'olewa, kutoka hapa hadi Mtwara, ukiokota kila msumari wa chuma utakaouona. Utapungua, na misumari utaitobolea mkanda. Ya pili, amka alfajiri uje Farm 17, pale pale ambapo wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa hata Msumbiji ikapata uhuru wake mwaka 1975, na ambapo sijapata kusikia hata mmoja wao akilalamikia mkanda. Nitakufundisha kwata mimi binafsi, kwa ada ya kuku mmoja, asiye mwembamba. Ya tatu, ambayo ndiyo johari ya fikra zangu, kwa mwezi mzima usile kitafunio chochote ila ming'oko uliyoichimba kwa mkono wako mwenyewe. Anayeijua ming'oko anajua jinsi inavyojificha ardhini kama mdaiwa. Utachimba asubuhi hadi adhuhuri, upate ya kujaza kiganja, na hivyo utakuwa umetumia kuliko ulichovuna. Waingereza walifanya biashara ya namna hiyo hapa hapa, ikawafilisi. Wewe itakufaa, kwa kuwa katika jambo hili hasara ndiyo faida.

*Mheshimiwa Mjuzi, mimi nina miaka 61 na khanga hazinifiki. Je, na mimi moto wangu haujapoa? — Khanga Hazifiki, Nachingwea.*

Bi Khanga, dada yangu,

Wewe, kwa masikitiko, una udhuru. Hesabu zile zile zasema kwamba mtu akipita miaka 60 moto wa mwilini hushuka kwa takriban asilimia 0.7 kila mwaka. Na mwanamke, hedhi ikikoma, shahamu iliyokuwa imejistiri nyongani huhamia tumboni. Kwa hiyo punguza tonge kidogo kila mwaka, usiache maharage, mbaazi na dagaa, maana misuli hujengwa kwa hivyo, wala usilitupe jembe. Lakini nawe una bahati ya kumwandikia mtu ambaye umri wake umepita wako na umbo lake bado ni…

Hapa yanipasa kusema kweli, kwa kuwa yuko shahidi. Juma lililopita nilipita kwenye ghala moja la korosho na, ili kuwaonyesha vijana mfano mwema, nikapanda juu ya mizani ya magunia. Karani akatazama, akatazama tena, akaandika kilo 98. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake, akaongeza pembeni: daraja la pili.

Mhariri ananiashiria kwamba nafasi imekwisha, basi nasema upesi. Pakueni kwa sahani ndogo, nusu yake iwe mboga, tembeeni kila siku, lalani mapema, nendeni zahanati mkapimwe presha na sukari, na zile dawa za kupunguza mwili zinazonadiwa sokoni bila tabibu, msizinunue. Atakaye kupungua aanze na chakula cha usiku huu, wala asiningojee mimi, kwa maana usiku huu nyumbani kwangu kuna kisamvu cha karanga.