Namna ya Kumfundisha Mbwa Kuleta Kitu Baharini Bila Kulazimika Kuhama Diani

Umeshaona zile video za Ulaya. Ziwa limetulia, bwana mmoja ana filimbi shingoni, bata anaanguka, na Labrador anajitosa na kurudi naye mdomoni bila kumtoa hata unyoya. Nawe mbwa unaye, bahari unayo, na kaskazi imeingia Diani, joto halikaliki. Umekosa nini?

Umekosa bata. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mbwa wako wa kuwinda amestaafu kabla ya kuajiriwa. Badala ya bata chukua kumbi la nazi. Linaelea, halitoi damu, na muuza madafu atakupa bure huku akikutazama kwa huruma.

Upande wa mbwa, Labrador usijisumbue naye. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, huko Kanada, waliosaidia kuvuta nyavu na kuwahi samaki waliochomoka ndoanani. Wako ametoka shambani Shimba Hills, na alichosomea ni kufukuza nyani kwenye mahindi. Ni elimu nzuri, ila amri aliyokulia nayo ni "shika!" Usiitamke ufukweni. Kumbi litabaki likielea peke yake, na mtalii aliyetoka kukimbia polepole kwa ajili ya afya atajikuta anakimbia kwa ajili ya uhai. Sema "lete". Mbwa hataelewa, lakini hakuna atakayeumia.

Sasa maji. Ziwa la yule bwana wa filimbi hulala palepale lilipoamkia, halijui bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Ukifika saa nne asubuhi utakuta maji yamekupwa na kwenda zake kuelekea mwambani. Utarusha kumbi lako, litatua juu ya majani, na mbwa atalifuata kwa miguu mikavu akishangaa somo ni lipi. Ukifika saa kumi jioni maji yamejaa hadi kwenye kuta za hoteli, na wa kuokolewa ni wewe. Dawa ni kumuuliza mvuvi mzee wa Msambweni, atakayekupa saa kamili bila kutazama simu. Mwamkie kwa adabu, lakini mfunge mbwa kamba kwanza, maana "shikamoo" inaanza na ile amri ya Shimba Hills, na mbwa wa shamba hana subira ya kusikiliza neno hadi mwisho.

Tuje kwenye somo lenyewe, yaani majirani. Mbwa akitoka majini hujikung'uta, na hakuna filimbi iliyopata kumzuia. Ulaya hilo ni jambo la kuchekesha. Hapa wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, na tone la mbwa aliyelowa likikupata, sharti uoshe mara saba, moja kwa udongo. Sasa mbwa hajikung'uti popote tu. Atapita mita hamsini za mchanga mtupu, amkute mzee mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, ndipo aanze kutoka kichwani hadi mkiani. Kwa hiyo Ijumaa hakuna mazoezi. Siku nyingine simama mbali na njia ya msikitini, upande unakoelekea upepo, na kama ni lazima mtu alowe, uwe wewe.

Beba maji baridi ya kunywa. Mbwa akinywa ya bahari atatapika na kuharisha, na yeye huona ustaarabu kusubiri hadi awe ndani ya gari. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, inayodungwa kila mwaka, kiwe mfukoni. Hutakihitaji hadi siku atakapokutana na ngamia wa kubeba watalii. Usimwache afukue mchanga juu ya mstari wa maji, kasa hutaga humo.

Baada ya wiki kadhaa ataleta. Kwanza kandambili, za mguu mmoja tu. Kisha, asubuhi moja mashua zikirudi, atapiga mbizi safi kabisa, ya kushindia kombe, na kukuletea tasi mnono kutoka kwenye tenga la mtu. Msifu kwa sauti ya chini. Bei usibishane, kwani samaki aliyetiwa meno na mbwa hana mteja mwingine ila wewe, na mwenye tenga analijua hilo. Mfuko wa plastiki usiulize, ulipigwa marufuku Agosti 2017. Utambeba samaki mkononi hadi nyumbani, na njia nzima mbwa atakufuata unyounyo, hatua moja nyuma yako, kwa utiifu ambao hakuwahi kukuonyesha.