Kutengeneza Yaliyokwisha Kutengenezwa

Pikipiki ikilala miaka mingi bila kuwashwa, watu huilaumu kutu. Mimi naona kutu inasingiziwa. Kutu inakaa mahali pa wazi, tabia zake zinajulikana, na ukiiendea na msasa, brashi ya waya na subira, inakubali kuondoka. Anayetesa ni yule aliyeitengeneza zamani: njiani, usiku, mvua inanyesha, kwa kauli ya "funga hivyo hivyo, tufike kwanza". Wakafika, wakasahau, na lile la kufikia likabaki hapo likawa sehemu ya chombo.

Ya kwangu ni Honda CG125, na ilikuwa ya baba mkubwa. Niliikuta kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba yake, Kihonda, Morogoro. (Honda ya Kihonda. Utani huo nimeshausikia, usijisumbue.) Baba mkubwa alikuwa bwana mifugo, akizunguka nayo vijijini kuchanja ng'ombe na kusikiliza malalamiko ya wenye mbuzi. Alipostaafu, nayo ikastaafu. Yeye akapewa kiinua mgongo, yenyewe ikapewa kuku.

Kutoa idhini alitoa baba mkubwa kwa neno moja. Mwenye banda, hata hivyo, ni mama mkubwa.

"Mwanangu, pikipiki chukua," aliniambia. "Ila huyo kuku juu ya kiti humgusi mpaka aangue."

Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, na kuku yule ndiyo kwanza alikuwa ameanza. Kwa hiyo ufufuaji wangu ulianza kwa kukaa kusubiri vifaranga. Walipotoka, nikarudi na spana zangu, nikakuta swali jipya linaningoja: sasa atataga wapi tena? Nikajitolea kutengeneza sanduku zuri la mbao, lenye majani makavu. Kuku akaliangalia, akarudi kitini, ambako sifongo ilikuwa imechimbika ikakaa sawasawa na umbo lake. Tulifikia muafaka wa kiungwana: mimi niondoke na pikipiki, kuku abaki na kiti.

Kifuniko cha cheni nacho nilikikuta kikitumika kulishia pumba. Hilo liliniuma kidogo, kwa sababu kile kifuniko kina historia. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976, waliilenga kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa gunia mbili na watu watatu, hupita vumbini mwaka mzima, na huonyeshwa oili mpya pale tu mwenyewe anapojisikia. Wakaacha mtindo wao wa kuweka kamshafti juu ya injini, wakaishusha chini, valvu zikawa zinasukumwa na fimbo mbili ndefu: vitu vichache vya kuchakaa, na fundi wa kijijini anaweza kuvifikia. Cheni wakaifunika yote, mbele hadi nyuma, vumbi lisiingie. Wahandisi wale walifikiria uzembe wa kila namna. Hawakumfikiria mama mkubwa anayetafuta kihori.

Nilipoisukuma kupita kijiwe cha bodaboda, vijana waliacha wateja wakaja kuitazama. Mmoja akachuchumaa kwenye injini, akaikagua kwa muda.

"Mzee, mbona injini hii inafanana na ya kwangu?"

"Ya kwako ndiyo inafanana na hii," nikamwambia. Na ni kweli. Viwanda vya China viliinakili injini ya CG kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria wetu leo zimetokana nayo. Kijana akainuka, akainamisha kichwa mbele ya lile chuma lenye kinyesi cha kuku, akasema kwa adabu, "Shikamoo, bibi." Wenzake wakacheka. Mimi nilimheshimu.

Kazi yenyewe ilianza na skrubu, na hapo ndipo nilipomkuta fundi wa kwanza wa zamani, ingawa hakuwepo. Skrubu za Kijapani zina msalaba unaofanana na wa bisibisi zetu za kawaida, lakini haulingani nao. Ukitumia bisibisi isiyo yake, inateleza, inapanda juu, inakula kingo, na baada ya mafundi wawili watatu msalaba unakuwa shimo la duara. Za kwangu zilishapita hatua hiyo. Zilikuwa na alama za tindo. Fundi fulani, mahali fulani, alizifungua kwa tindo na nyundo, akazifunga kwa tindo na nyundo, akalipwa.

Baba mkubwa alikuwa akiketi barazani na redio yake, mita chache kutoka nilipotandika turubai. Kila nilichokitoa nilimwonyesha. Nilidhani ataona aibu kidogo. Aliona fahari.

Fyuzi haikuwepo, mahali pake palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri. "Hiyo Dakawa," akasema. "Mvua za El Niño, 1998. Nilikuwa sivuti hata sigara, niliomba kwa dereva wa lori." Waya wa klachi ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. "Turiani. Mwenye baiskeli alikubali mwenyewe." Gasketi ya kabureta ilikatwa kutoka kadi ya chanjo ya ng'ombe, na bado ungeweza kusoma nusu ya jina la kijiji. Hapo alichukua ile kadi, akavaa miwani, akaisoma upande wa pili, akanirudishia. "Ng'ombe hao walipona wote," akasema.

Tatizo lilikuwa pale nilipotaka kuvitupa. "Imefanya kazi miaka 20," alisema juu ya karatasi ya sigara, "wewe unaitoa kwa kosa gani?" Nikajaribu kumweleza kwamba fyuzi inatakiwa kuungua kabla waya hazijaungua. Akanijibu kwamba ndiyo maana yeye aliweka isiyoungua. Sikuwa na la kusema. Waya zenyewe zilikuwa za spika, zote rangi moja, zimeungwa kwa vifundo. Ukibonyeza honi, indiketa ya kushoto inawaka. Ukikanyaga breki, honi inalia. Hiyo ya pili nilifikiria sana kuiacha.

Spea nilizifuata Kariakoo, mitaa ya Gerezani, ambako ukitaja CG wauzaji hawashtuki. Walishtuka niliposema nataka pistoni ya milimita 56.5 ya kawaida, isiyoongezwa ukubwa. "Unataka orijino, orijino kabisa, au ya Japani?" Nikauliza tofauti yake. Muuzaji akaniangalia kwa huruma. "Bei, kaka." Nilichukua orijino kabisa, iliyoandikwa kwa Kichina. Iliingia bila kelele, na mpaka leo inafanya kazi. Nasema hivyo kwa sababu wengi huviponda vifaa hivyo kabla ya kuvifunga.

Sasa tangi.

Ndani lilikuwa na kutu na petroli iliyochacha, ile inayoacha utomvu unaoziba jeti za kabureta. Dawa yake inajulikana: unatia kokoto safi au kipande cha cheni, maji ya moto, unatikisa mpaka mikono ikatae. Mikono yangu ilikataa mapema, nikawaita watoto wa jirani, nikawaahidi soda. Wakalitikisa kwa nyimbo. Baada ya muda mmoja akaniita: "Baba, linatoa povu."

Nikadhani anatania. Nikaenda kutazama, na kweli, kwenye mdomo wa tangi lilikuwa linapanda povu jeupe, zuri, la kufulia. Watoto wakafurahi wakazidisha kutikisa. Povu likamwagika, likafika kwenye turubai. Mama mkubwa akatoka jikoni, akalitazama, akasema pikipiki hiyo ilihitaji kuoga muda mrefu. Kisha povu likaanza kutoka chini, upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mdomo wowote.

Palikuwa na tundu la kuingia kidole cha mtoto, na lilikuwa limezibwa kwa sabuni ya mche. Mtu alisugua sabuni pale mpaka ikajaa, akapaka rangi nyekundu juu, na kwa miaka yote ile halikuvuja hata tone, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, na mwenye akili zake hatii maji kwenye tangi la pikipiki. Kwa hiyo ile sabuni ilikuwa kazi kamili, isiyo na dosari, mpaka siku lilipokuja jambo la kijinga linaloitwa usafi.

Nikamwonyesha baba mkubwa. Safari hii hakutaja kijiji. Akaongeza sauti ya redio. Nilipong'ang'ania akasema, "Hiyo ya huyo aliyeniuzia. Mimi niliikuta hivyo."

Mchomeleaji wa kwanza alinifukuza kabla sijamaliza salamu, akarudi hatua mbili nyuma. Alikuwa sahihi kabisa. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke unabaki ndani na cheche moja inatosha. Fundi bati wa sokoni, mzee anayetengeneza ndoo na vibatari, ndiye aliyeliosha tena na tena, akalijaza maji, akaligeuza tundu likaja juu, kisha akaliziba kwa kipande cha bati na lehemu. Kazi safi. Aliniuliza kwa nini nilitoa sabuni.

Siku ya kuiwasha sikumwambia mtu, lakini katika mtaa wetu kiki tatu za bure zinatosha kuita kikao. Mmoja akasema vuta choki. Mwingine akasema usivute, italewa mafuta. Wa tatu akataka tuiweke gia ya pili tuisukume mpaka barabara ya lami. Kijana wa kijiwe, yule wa shikamoo, hakusema kitu. Alitoa plagi, akasafisha na platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ndipo cheche itoke, akafunga, akanipa ishara.

Ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Ikakohoa tena, na eksozi ikatema mahindi. Panya aliyewahi kupangisha humo alikuwa ameweka akiba ya kutosha. Kwa kila mlipuko ilitoka punje nyeusi nyingine, na kuku wa mama mkubwa, na vifaranga wao, wakaja mbio kugombea. "Kumbe bado inalisha familia," mama mkubwa akasema. Kisha punje zikaisha, injini ikashika, ikatulia kwenye ule mlio wake wa taratibu unaoujua mtu yeyote aliyekua wakati bwana shamba na bwana mifugo walisikika kabla hawajaonekana. Baba mkubwa alizima redio. Kwake hilo ni jambo kubwa kuliko hotuba.

Ilibaki karatasi. Kadi ilikuwa na jina la yule muuzaji wa zamani. Baba mkubwa hakuwahi kubadilisha umiliki, alikuwa na hati ya mauziano kwenye ukurasa wa daftari la shule, yenye dole gumba la shahidi aliyekwisha kufariki. Ili nihamishe umiliki TRA nilihitaji mkataba mpya na saini ya mwenye kadi. Tukaulizia, tukaambiwa yupo hai, anaishi na mwanawe Mikese. Nikampakia baba mkubwa kwenye kiti kipya, cha dukani, ambacho alilalamika njia nzima kwamba hakina umbo.

Mzee alitupokea vizuri. Tukamwamkia, tukaletewa chai na mihogo, akaulizwa ya afya, akauliza ya ukoo. Nikatoa mkataba. Akavaa miwani, akausoma wote, akaomba kalamu. Kabla hajasaini akageuka kutazama nje, ambako pikipiki ilikuwa imesimama kwenye kivuli cha mwembe.

"Ile sabuni bado inashika?"

Nikamwambia nimeitoa.

Akamgeukia baba mkubwa kwa masikitiko. "Umemwachia kijana atoe sabuni yako? Si ulikuja hapa hapa kunitambia kwamba umepata dawa, mimi nikakukatalia?"

Baba mkubwa alikuwa anaangalia dari. Mzee akasaini.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua pikipiki ya zamani, achana na habari ya kusikiliza mlio na kubonyeza tairi. Nenda na lita moja ya maji ya moto, uombe kuitia kwenye tangi. Mwenyewe akikubali, endelea kukagua. Akikuzuia, punguza bei kwa nusu kwanza, halafu muulize ni sabuni ya aina gani.