Futi Nne: Barua ya Wazi kwa Bunge la Florida

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi,
Bunge la Jimbo la Florida,
Tallahassee.

YAH: PONGEZI KWA KUWAONEA HURUMA WENYE MAEGESHO MAKUBWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Huenda mkashangaa barua ya Kiswahili imefikaje mezani kwenu. Waswahili wana hisa yao ndogo huko. Karibu na Orlando, ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, na wabunifu wake walikichora kwa kuitazama Lamu. Kuta zimechakazwa makusudi, maneno ya Kiswahili yameandikwa huku na kule, na mgeni hupokelewa kwa “jambo”. Jambo moja tu la Lamu halikusafiri: katika vichochoro vya mji ule, anayeegeshwa ni punda. Harambe ya Florida hufikiwa kwa gari, na Oktoba 2023 ada ya gari la kawaida kupata pa kusimama ilipandishwa hadi dola 30 kwa siku. Mwenye ulemavu naye hulipa dola zile zile. Usawa huo haujawahi kulalamikiwa na mwenye bustani yeyote.

Pongezi zenyewe zinahusu kifungu cha 553.5041 cha sheria zenu.

Sheria ya taifa ya haki za watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush mwaka 1990, pamoja na viwango vyake vya mwaka 2010, hutaka nafasi ya kawaida ya mwenye ulemavu iwe na upana wa futi 8, na ubavuni mwake njia ya futi 5 iliyochorwa mistari. Ninyi mkaona futi 8 ni uchoyo. Florida ni jimbo la wazee, karibu mtu mmoja kati ya watano amevuka miaka 65, na magoti hayasomi viwango vya Washington. Mkaandika futi 12. Njia ya pembeni ikabaki futi 5. Kwa hiyo duka la dawa lenye nafasi kumi za magari na kinyozi wa pembeni mwa barabara, wote hutakiwa kutoa futi nne zaidi ya zile za taifa. Hapo mlistahili makofi, na barua hii inayapiga.

Kisha mkaendelea kuandika.

Katika kifungu hicho hicho mmeweka mlango wa nyuma. Bustani ya burudani yenye wahudumu wa kuwaelekeza muda wote wageni wenye ulemavu inaruhusiwa kuachana na vipimo vya Florida na kufuata vile vya taifa. Ili mtu asidhani mlango huo ni wa kila mwenye bembea mbili na farasi wa mbao, kifungu cha 509.013 kinaeleza bustani hiyo ni ipi: ekari zisizopungua 25 zilizoungana chini ya mmiliki mmoja, maonyesho ya kudumu, burudani za aina mbalimbali, na wageni wasiopungua milioni 1 kwa mwaka.

Tafadhali lisomeni tena sharti hilo, maana ubunifu wake hauonekani kwa haraka. Kinyozi mwenye wateja thelathini kwa siku hana budi kupata futi 12. Anayepokea watu milioni moja, na ana ardhi ya kutosha kujenga ziwa, anasamehewa nne. Mwenye nafasi nyingi ndiye aliyekosa nafasi.

Hesabu za taifa nazo zina tabia hiyo hiyo ya kumwonea huruma mkubwa. Eneo la magari 25 hutakiwa kutenga nafasi moja, yaani asilimia 4. Eneo la magari 100 hutenga nne, asilimia ile ile. Likizidi magari 1,000, hesabu huwa nafasi 20 na moja zaidi kwa kila magari 100 yanayoongezeka. Maegesho ya Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney, huchukua magari zaidi ya 12,000; kwa magari 12,000 kamili, sheria hutosheka na nafasi 130, zaidi kidogo ya asilimia 1. Bustani ikitaka kutoa zaidi hakuna anayeizuia, lakini sheria imeshatosheka. Inaonekana ulemavu, kwa mujibu wa wataalamu wa vipimo, hupungua kadiri lami inavyopanuka.

Sasa mtazameni bibi mmoja wa kufikirika, kaja kuwatembelea wajukuu. Ana kile kibali cha buluu kinachoning'inizwa kwenye kioo. Moja ya sababu ambazo sheria yenu huzikubali ili mtu apewe kibali ni kutoweza kutembea futi 200 bila kusimama kupumzika. Mjukuu ameazima gari la kubebea kiti cha magurudumu, lile ambalo ubao hujifungua kutoka mlango wa ubavuni na kulala chini. Nafasi maalumu za magari ya aina hiyo zipo, moja katika kila sita za wenye ulemavu, ila zote zimejaa. Analiingiza kwenye nafasi ya futi 8. Ubao unashuka, unakula sehemu kubwa ya zile futi 5, na kiti kikifika mwisho wake hakina pa kugeukia.

“Bibi, ngoja kwanza nisogeze gari nyuma.”

“Nitangoja wapi, mwanangu, katikati ya barabara?”

Zile futi nne mlizozisamehe ndizo ambazo zingemaliza mazungumzo hayo. Na hapo ni asubuhi. Fataki zikiisha usiku, watu wakarudi kwa mkupuo, itatosha jirani mmoja awe ameegesha tairi juu ya mistari ya njia ya pembeni ili ubao usishuke kabisa. Mhudumu wa muda wote, aliyekuwa sababu ya msamaha, huelekeza magari yanayoingia. Fimbo yake ya kuonyesha njia haijawahi kupanua nafasi hata kwa inchi moja.

Haki yao wapewe: ndani ya malango bustani hizi zimefanya mengi. Katika Kilimanjaro Safaris pale pale Harambe yamo magari ambayo mtu huingia na kiti chake. Monorail na vivuko vya Magic Kingdom hupokea viti pia, na ni lazima vipokee, kwa sababu lango lenyewe liko ng'ambo ya ziwa. Ukishaegesha bado hujafika. Taabu iko kule kwenye lami, kabla ya tabasamu la kwanza. Tramu za maegesho hutaka kiti kikunjwe kabla ya kupanda. Zilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, bustani zikafunguliwa Julai mwaka huo, tramu zikaanza kurejea Desemba 2021. Wakati wote huo aliyekosa nafasi ya karibu alitembea. Mwenye miguu mizima na dola za ziada, kwa upande wake, anaweza kununua nafasi iliyo karibu na lango, kwani inauzwa.

Msije mkajitetea kwamba mambo ya bustani hamyaingilii. Mwaka 2023, baada ya kukosana na Disney, mliivunja bodi iliyokuwa ikiiendesha wilaya maalumu ya ardhi yake tangu 1967, wilaya ikapewa jina jipya, na monorail, iliyokuwa ikijikagua yenyewe kwa miongo mitano, ikawekwa chini ya wakaguzi wa jimbo. Kumbe kalamu inafika hadi Orlando. Ilipita juu ya maegesho bila kusimama. Na bado bustani yenye wafanyakazi 1,000 na wakaguzi wake yenyewe haikaguliwi bembea zake na jimbo, ilhali maonyesho ya kijijini yenye gurudumu moja bovu hukaguliwa. Mnaonekana kuamini kwamba ukubwa ni cheti cha tabia njema.

Ombi la barua hii ni dogo. Kikao chenu cha kawaida hudumu siku 60, na msamaha wenyewe ni sentensi moja. Kuifuta hakuhitaji zaidi ya dakika tano, pamoja na hotuba. Ikiwa sentensi hiyo ni tamu mno kuachwa, basi igeuzwe: wageni wakifika milioni moja, nafasi iwe futi 13.

Mtakapokuwa mkilijadili, uchungulieni uwanja wa magari wa jengo lenu la Bunge. Jengo hilo lina maonyesho ya kudumu na burudani za aina mbalimbali, lakini halijatangazwa rasmi kuwa bustani ya burudani. Kwa hiyo lenyewe bado linabanwa na futi 12.

Ni wenu katika foleni,
Wasomaji wa Kiswahili