Sifa za Jezi ya Mchangani

Dhahabu imeshasifiwa vya kutosha, na wakubwa hawajawahi kukosa wa kuwasifu. Leo ni zamu ya jezi ya timu ya mtaa: ile ambayo hata mwenyewe hajui kama ni nyekundu iliyochuja au nyeupe iliyofuliwa pamoja na kanga, kwapa limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na shingo imelegea hadi bega moja linachungulia nje. Hiyo ndiyo ninayoisemea, na mwenye jezi ya dukani asubiri nimalize.

Nianze na nasaba, maana mtu kwao. Jezi za timu yetu hapa Temeke zina ukoo mrefu. Za kwanza zilikuwa vesti nyeupe zilizochovywa kwenye rangi ya bluu. Mvua ikanyesha kipindi cha pili, na wachezaji wakarudi makwao wakiwa bluu kuliko vesti zenyewe. Kizazi cha pili kilitoka kwenye mitumba ya Karume: fulana za njano, kila moja na njano yake, hii ina jina la shule ya Ulaya, ile ina tangazo la mbio za hisani. Kipa alipewa sweta la nchi za theluji, akalivaa kwa subira kwenye jua la saa tisa.

Anayecheka akawaulize Juventus. Walikuwa wakivaa fulana za pinki zilizochuja kwa kufuliwa. Mwaka 1903 wakaagiza mpya kutoka Uingereza, zikaja za mistari myeusi na myeupe, mtindo wa Notts County. Wakavaa walicholetewa. Leo mistari hiyo ni fahari ya Italia nzima. Kumbe wametuzidi umri tu.

Kizazi cha tatu kililetwa na siasa. Uchaguzi mkuu hufanyika kila baada ya miaka 5, na hakuna anayeikumbuka hesabu hiyo kama timu isiyo na jezi. Mgombea alikuja na seti nzima, jina lake kifuani, picha yake mgongoni. Bukta hazikuwamo; alisema zitafuata baada ya ushindi. Alishinda. Bukta bado zinafuata. Lakini jezi zilifanya kazi yake. Sabuni ya mche ilianza na miwani ya mheshimiwa, ikahamia kwenye tabasamu, na uchaguzi mwingine ulipokaribia mgongoni palikuwa pamebaki tai peke yake. Sijaona gazeti lililoripoti kushuka kwa umaarufu wa kiongozi kwa uaminifu kama huo.

Kuchuja nako kuna neema yake. Mji huu umegawanyika kati ya Simba na Yanga, na rangi si jambo la mchezo: Yanga waliwahi kugomea nembo ya mdhamini wa ligi kwa sababu tu ilikuwa nyekundu. Jezi yetu imeumaliza ugomvi huo. Hakuna awezaye kuapa kwamba ni rangi ya nani.

Tuje kwenye namba. Zetu zilibandikwa kwa pasi ya mkaa na zinabanduka kidogo kidogo. Namba 8 ilipopoteza upande wake wa kushoto ikawa 3, na kiungo wetu akahamia beki bila kocha kuitisha kikao. Tuna namba 6 wawili, mmoja wao akiwa 9 aliyebandikwa kichwa chini. Mwamuzi akiandika kadi ya 6, wote wawili wanakana, na wote wawili wana ushahidi. Mtu asituite washamba. Juni 22, 1986, Argentina walivaana na England jijini Mexico City wakiwa na fulana za bluu zilizonunuliwa haraka haraka dukani, nembo zimeshonewa huko huko, namba zenyewe za kung'aa, zilizotengenezwa kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani. Maradona akafunga mawili ndani ya fulana hiyo, moja kwa mkono na moja kwa miguu. Mwaka 2022 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 7. Tangu nilipozipata habari hizo, nimemsihi mtunza jezi wetu aache kudekia ile ya namba 10.

Na mikono? Kameruni walibeba Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2002 kule Mali wakiwa na jezi zisizo na mikono. FIFA ikazikataa, na kwenye Kombe la Dunia la mwaka huo huo wakalazimika kuonekana na mikono myeusi. Mtindo huo sisi tumeufikia kwa mkasi baada ya kwapa kutatuka, na FIFA haijatuandikia.

Wahenga wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga hawakuwa na ratiba ya ligi. Kwenye Kombe la Dunia la 1978, Ufaransa na Hungaria walifika uwanjani Mar del Plata wote wakiwa na jezi nyeupe. Mpira ukachelewa kuanza hadi zilipoazimwa za klabu ya mji huo, Kimberley, za mistari ya kijani na nyeupe. Wafaransa wakazivaa, wakashinda 3-1, na matako yao yalisitirika vizuri. Kwetu rangi zikigongana na hakuna wa kutuazima, upande mmoja hucheza vifua wazi. Sheria ya nne ya mpira inataka timu zitofautiane kwa rangi, nasi tunaitimiza kwa ngozi.

Tena jezi yetu inafundisha undugu. Zipo chache kuliko wachezaji, kwa hiyo anayeingia husimama kwenye mstari kifua wazi akimsubiri anayetoka. Huyu anaivua, yule anaivaa ikiwa bado ya moto, inadondosha jasho, inanuka dawa ya kuchua. Baada ya hapo huwezi kumsema vibaya mwenzako kwa wiki nzima.

Sifa kuu nimeiweka mwisho. Timu yetu haina ofisi, haina katiba, haina daftari la wanachama. Ina kiroba cha jezi. Mwenye kiroba ndiye mwenye timu. Katibu akiudhika haandiki barua ya kujiuzulu, anaondoka na kiroba, na Jumapili hiyo wazee watamfuata kwake kwa maneno laini. Kocha hafukuzwi: anaambiwa alete kiroba kikafuliwe, naye anaelewa.

Basi mgombea ajaye akituletea seti mpya, tuipokee, tumpigie makofi, na bukta tumdai kabla ya siku ya kura. Lakini zile kuukuu mtu asizitupe. Seti mpya huvuta wachezaji hadi wa mitaa ya jirani, na ikianza kuchuja wanarudi kwao. Wanaobaki wakigombea 8 iliyogeuka 3, hao ndio timu.