Mbuzi Ninayemchinja Bila Kumwona

Kila mwaka mimi huchinja mbuzi dume katika kibanda cha wakala wa M-Pesa hapa Kwa Vonza, na sijawahi kuonja hata mchuzi wake.

Nilimgundua Jumapili moja jioni, binti yangu alipokuwa akinisomea kwenye simu mawaidha ya bwana mmoja wa Marekani kuhusu kubana matumizi. Shauri la kwanza: acha kununua kahawa ya mkahawani kila asubuhi. Nikanyamaza nikingoja la pili. Kahawa ya mkahawani nimeinywa mara mbili tangu nizaliwe, na zote mbili nililipiwa na mtu wa Nairobi. La pili lilikuwa kuandika kila shilingi inayotoka. Hilo nililiweza. Nikachukua daftari la mtoto lililosalia kurasa nyeupe, nikaandika wiki nzima.

Daftari halikufichua anasa yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. Afadhali ningekuta nyama choma. Nilikuta sukari ya 20, mara sita. Majani ya 10. Mafuta ya kupima ya 30, kisha ya 30, kisha ya 30. Maji mitungi minne kila siku kwa 20 mtungi, maana mvua ya Novemba bado iko mbali na tangi letu ukiligonga linakujibu. Boda ya 50 kutoka barabara kuu ya Machakos–Kitui hadi mlangoni, mwendo ambao marehemu babu hangeuita safari. Lakini babu hakuwa na viatu vya kuharibu.

Halafu wakala. Mimi hutoa 200, mara nne kwa wiki. Ada ya kutoa 101 na ada ya kutoa 2,500 ni ile ile, shilingi 29. Kwa hiyo 29 mara nne ni 116, na 116 mara wiki 52 ni 6,032. Hiyo ni bei ya mbuzi, tena mwenye ndevu.

Sitamlaumu wakala, bei amebandika ukutani kwa herufi kubwa. Na kabla ya M-Pesa kuja mwaka wa 2007 pesa za nyumbani zilisafiri katika bahasha, mkononi mwa makanga wa basi, na baadhi ya bahasha zilifika zimekonda kuliko zilivyoondoka.

Mshahara ulipoingia nikatangaza utawala mpya. Kuanzia leo, nikamwambia mama watoto, hakuna cha kupimiwa. Nikaleta mafuta lita tano, sukari kilo tano na ndengu gorogoro kumi. Nikatoa 2,500 kwa mkupuo mmoja nikiwa na furaha ya mtu aliyemwokoa mbuzi kamba ikiwa tayari shingoni.

Tuanze na mafuta. Zamani mama watoto alikuwa akiyamimina kutoka kwenye kichupa kama anayempa mtoto dawa ya kikohozi, akihesabu matone. Mtungi wa lita tano ulipoingia jikoni, ule mkono ukalegea. Jumanne tukala chapati. Jumatano mandazi. Alhamisi sukumawiki ilikuja mezani ikiogelea. Nilikuwa nimeyapangia siku arobaini. Siku ya kumi na sita mtungi ulikuwa umepinduliwa juu ya sufuria, udondoke wenyewe.

Sukari sitaki kuizungumzia. Nitasema tu kwamba kijana wangu wa mwisho hakorogi tena chai, anachimba.

Ndengu hazikuliwa na sisi. Wiki ya tano nilifungua gunia, nikachota kiganja kimoja na kukisogeza dirishani. Kila punje ilikuwa na kitundu cha mviringo, safi, kama kimetobolewa na fundi mwenye leseni. Vumbi jeupe likabaki katikati ya vidole, na fukusi mmoja akapanda hadi kwenye kucha yangu ya gumba, akasimama hapo akinitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji.

Nikaenda kumlalamikia muuza duka, ambaye hakuniuzia hizo ndengu. Alicheka mpaka akaweka mizani chini. Yeye hupimia wanafunzi wa SEKU, chuo kilichopewa hati yake kamili mwaka wa 2013, na anasema hao ndio maprofesa wenyewe: nusu kabichi, kitunguu kimoja, mafuta ya 10. "Mwalimu," akaniambia, "fukusi wa duka hili ni shida yangu. Wewe umeenda ukawanunua kwa jumla."

Zikabaki zile 2,500. Kutoka kwa wakala hadi nyumbani sijui nani alipiga tarumbeta. Mwaitu wa nyanya alikumbuka 180 zangu za mwezi jana, akiwa na haki kabisa. Fundi wa baiskeli akakumbuka pedali. Binamu alihitaji nauli ya kwenda hospitali Kitui mjini, na ugonjwa hauna mjadala. Mbele kidogo akatokea mweka hazina wa kamati ya mazishi, daftari kwapani, kalamu tayari imefunguliwa. Nilifika nyumbani na 640.

Watu hawa hawa huniona kila wiki nikiwa na 200 na hunisalimu wakapita. Mtu mwenye noti mfukoni hubadilika hata mwendo. Nadhani nilikuwa nimeanza kutembea kama diwani.

Sikukata tamaa. Deni la dukani la 600 niliamua kulituma mia mia, kwa sababu kutuma hadi 100 ni bure, ilhali 600 kwa mara moja ni 13. Nikatuma mara sita. Simu ya muuza duka ililia mara sita wakati akimhudumia mteja, na ya sita alinipigia yeye, kwa gharama yake, akiuliza kama nimetekwa nyara.

Jioni hiyo mama watoto alikuwa akichambua muthokoi kwenye ungo. Kwake Jumamosi ni sufuria moja kubwa ya muthokoi na kunde, kuni za matawi ya mwembe, na chakula hadi Jumatatu. Jambo hilo hakuna aliyemwandikia kwenye simu. Nilimwonyesha hesabu zangu zote. Alizisikiliza bila kuinua macho.

"Hizo 29," akasema, "ulikuwa unamlipa askari wa kulinda zilizobaki. Ukamfuta kazi, halafu unashangaa umeibiwa."

"Na mafuta ya kupima?"

"Askari mwingine." Akapuliza wishwa.

Jumatatu nilirudi kwa wakala. Foleni ilikuwa fupi. Nyuma yangu nikasikia kikohozi ninachokijua, na ukingo wa daftari ukanigusa kiwiko.

"Mwalimu, leo ngapi?" wakala akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi stendi.

"Mia mbili."

"Na hizo zingine?" akauliza mweka hazina.

"Ziko kwa simu."

Nikamsikia akirudisha kifuniko cha kalamu.