Tiara ya Mtoto, Nyuzi za Baba

Tangu Mwingereza Peter Powell aipe umaarufu tiara ya nyuzi mbili miaka ya 1970, fukwe za Uingereza zimepata mlezi wa aina yake: baba anayemnunulia mtoto zawadi, kisha akaichezea mwenyewe hadi jua lizame. Mtoto naye ana kazi yake, kukimbia mchangani kuinua tiara kila inapoanguka na kurudi pembeni kushangilia. Hilo ndilo linaloitwa kumkuza mtoto kimichezo.

Wazee hawa hawakosi utetezi: tiara ni ghali, vijiti vya kaboni huvunjika, upepo mkali utamburura mtoto. Ni kweli. Ila vijiti huuzwa kimoja kimoja, upepo mwanana haumbururi mtu, na wavunjaji hodari wengi wana ndevu. Tena itazame mbinu iitwayo akseli. Tiara husimamishwa hewani karibu ipoteze upepo, uzi mmoja ukashtuliwa kidogo, halafu mikono ikasogea mbele upesi ili nyuzi zilegee; hapo tiara hujilaza bapa na kuzunguka yenyewe. Siri yote imo katika kulegeza. Ukiendelea kuvuta, mzunguko unakufa. Sasa asiyeweza kuachia zamu, uzi atauachiaje? Anayetaka kuimudu akseli na aanze na zoezi jepesi zaidi: ampe mtoto vishikio vyote viwili, kisha anyamaze kwa dakika 10.