Sifa za Boya la Kandambili

Boya dogo la mshipi ni kipande chepesi kinachofungwa kwenye uzi juu ya ndoana, ili chambo kining'inie katika kina kinachotakiwa na mvuvi ajue samaki anapokigusa. Wazee wengine wa pwani huliita chelezo. Vijana wa mjini wamelichukua neno boya wakalifanya tusi: boya ni mtu asiyejua kinachoendelea, asimamaye tu wenzake wakimpita. Hiyo ni dhuluma kwa kifaa ambacho kimelisha chuchunge vizazi kwa vizazi, kama itakavyoonekana.

Vitu vya kutengenezea havikosekani nyumbani. Bua la mtama likikauka huelea vizuri, ila likikaa sana majini hunywa maji na kulala. Kizibo cha gome kinafaa, lakini chupa zenye vizibo hivyo hazipatikani katika kila nyumba, na zinapopatikana hazitajwi. Mrija wa kalamu uliozibwa ncha kwa nta ya mshumaa huonyesha mguso mdogo kabisa, na huvunjika kwa mguso mkubwa. Kiatu cha ngozi hakifai kwa lolote: hulowa, huwa kizito, huzama. Inabaki kandambili. Sponji yake imejaa vitundu vya hewa, kila kimoja kimefungwa peke yake, ndiyo maana hata ikikatwa vipande ishirini vyote ishirini vitaelea. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Hiki huelea kwa sababu kimevunjwa. Ukoo wake nao si haba. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililovishwa kandambili zipatazo 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kiatu cha ngozi hakijawahi kupewa heshima ya namna hiyo.

Kazi huanza kwa kutafuta kandambili iliyochakaa. Inashauriwa iwe ya mtengenezaji mwenyewe, na ushauri huo haujapata kufuatwa. Iliyochakaa imeliwa kisigino, napo ndipo penye unene unaotakiwa, kwa hiyo fundi makini huiendea ile mpya, iliyovuliwa mlangoni na mtu aliyelala baada ya chakula cha mchana. Kisigino hukatwa kwa wembe uliolowanishwa, kipande cha urefu wa sentimita 3 na unene wa kidole gumba. Kingo husuguliwa kwenye sakafu ya saruji mpaka kipande kifanane na kokwa ya tende. Spoku ya baiskeli hupashwa moto na kupenyezwa katikati. Harufu yake hukaa jikoni hadi magharibi. Katika tundu hupitishwa mrija wa kalamu, ndani ya mrija uzi, na njiti ya kiberiti hubanwa humo ili boya lisiteleze. Nusu ya juu hupakwa rangi ya kucha. Nyekundu hupendelewa kwa kuwa huonekana kwa mbali, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Hapa ndipo penye sifa ya unafuu. Boya hili halina gharama. Kandambili ni ya baba, rangi ni ya dada, spoku imetoka kwenye baiskeli ya jirani, na kalamu ni ya mtoto wa darasa la nne mwenye mtihani kesho yake. Asiyetoa senti ni mvuvi peke yake, naye ndiye anayesifiwa kwa ubunifu. Kandambili ya kushoto, iliyosalimika, haina matumizi yanayojulikana. Haivaliki, haiuziki, na mwenyewe hulazimika kwenda dukani pekupeku saa saba mchana juu ya mchanga unaochoma kama kikaango, na jambo hilo, kusema kweli, halichekeshi hata kidogo.

Majaribio hufanyika ndani ya ndoo, kwa kawaida ile ya maji ya kunywa. Kanuni ni ya Archimedes: kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake. Kipande cha sentimita za ujazo 6 chenye uzito wa gramu 2 kinaweza kubeba gramu 4 zaidi kabla ya kuzama chote. Kikifungiwa nati ya gramu 3 iwe chubwi, robo yake hivi hubaki ikichungulia, na hicho ndicho kipimo kizuri. Wengine huyeyusha risasi ya betri za gari wapate machubwi. Huko ni kujitilia sumu jikoni kwa ajili ya chuchunge. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya ndoo, kwa hiyo boya likifika baharini huinuka kuliko lilivyokuwa nyumbani, kama wengi wanaopata safari.

Sifa kuu, inayostahili nafasi kuliko zote, ni namna boya linavyotoa habari. Mashua ya injini ikipita mbali, boya huinama na kuinuka kana kwamba nguru amefika. Upepo wa kusi ukivuma, linaitikia. Ukope wa mwani ukiligusa, linaitikia. Wakati huohuo kikande yuko chini, mwenye kinywa kidogo na meno makali, akimega chambo taratibu, na boya limetulia juu yake kwa utu uzima usio na mfano. Baada ya robo saa mvuvi huvuta uzi na kukuta ndoana imeng'arishwa. Boya halikanushi wala haliombi radhi. Kazi yake ni kuwa juu. Yanayotokea chini ni ya ndoana.

Ufundi huo umeenea hadi kwenye kamati za madiko. Kamati huwekwa juu ya wavuvi ili iashirie kinachowapata walio chini. Ikisikika kwamba mgeni mkubwa anakuja, kamati hutikisika: mawe hupakwa chokaa, vikao huitishwa viwili kwa siku. Katika diko moja, kila ndoo iliyouzwa mnadani ilikatwa shilingi mia mbili za sanduku la barafu. Ikapita kaskazi, ikapita kusi, ikaja kaskazi nyingine. Aliyekwenda kuuliza aliambiwa suala linafanyiwa kazi, aandike barua. Aliyeandika barua aliambiwa katibu yuko semina. Katibu aliporudi alikuja na fulana na begi: semina ilikuwa ya matumizi ya barafu. Mtu aliyemwaga ndoo tatu za vibua vilivyooza, akiwa na deni la mafuta ya mashine, hakuhitaji fulana. Alihitaji barafu, aliyokwisha kuilipia. Katika hili boya linaizidi kamati: samaki mkubwa akivuta kweli, boya huzama.

Kuhusu utunzaji hakuna mengi. Uzi ukikatikia mwambani, boya huenda na mkondo, na kwa kuwa halioni haya ya kuelea bila kazi, hufika ufuoni zima, rangi ya kucha ikiwa bado inang'aa. Siku ya usafi wa pwani huokotwa pamoja na wenzake, hutiwa guniani, na gunia hupigwa picha na mwenyekiti akiwa ameliwekea mguu. Kisha huachwa hapohapo mpaka maji ya bamvu yaje kulichukua. Kiatu kinachoonekana katika picha ni cha ngozi.